Tarumbeta Ndani ya Pipa

Nyumbani kwa wazazi wangu, Ilala, kuna kiti kimoja ambacho hakisogezwi. Ni kiti cha mbao chenye mto wa kijani, kimekaa katikati ya sebule, mahali ambapo kila anayekwenda jikoni lazima akizunguke. Wageni hudhani kimesahauliwa pale. Lakini ukikisogeza hata kidogo, tuseme unafagia, baba atainuka popote alipo, atakirudisha, atakwenda kuigusa spika ya kushoto, atarudi, atakwenda kuigusa ya kulia, kisha atakaa na kufumba macho ili ahakikishe.

Sababu yake alinieleza nikiwa sijaanza shule. Muziki wa stereo, alisema, hautoki kwenye spika. Spika mbili ni kama watu wawili wanaotandika shuka. Kila mmoja anavuta upande wake, na shuka yenyewe inatandazika katikati. Ukikaa mahali panapostahili, mwimbaji anasimama hewani mbele yako, tarumbeta ziko kushoto kwake kidogo, ngoma ziko nyuma, na mpiga gitaa la besi amejibanza karibu na mlango wa chumbani. Nilimwamini kabisa. Kwa muda mrefu nilikuwa nikipita mlango ule kwa adabu, nikijikunja, nisije nikamkanyaga mpiga besi.

Mali yake hiyo baba anaiita kwa neno moja tu, chombo. Chombo ni mashine ya kupigia santuri, amplifaya nzito yenye taa mbili za rangi ya chungwa, na spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Baba alikuwa dereva wa kreni bandarini. Alivinunua vitu hivyo kimoja kimoja, kwa miaka, kutoka kwa mabaharia na kwa watu waliokuwa wanahama nchi. Mama husema alipoolewa alikuta spika moja tu, na kwamba ya pili iliingia nyumbani karibu na siku nilizozaliwa mimi. "Wewe na spika ya kulia ni mapacha," huniambia. "Ila yenyewe ndiyo iliyopata kona nzuri."

Mimi nauza sabufa. Duka langu liko Kariakoo, kwenye kichochoro kinachotokea Msimbazi, kati ya muuza mapazia na muuza masufuria, na kutwa nzima wabeba mizigo wanapita mlangoni wakipiga miluzi tuwapishe. Kwa asiyeijua, sabufa ni boksi la besi pamoja na spika zake ndogo, lenye taa zinazobadilika rangi na tundu la kuchomeka flashi. Kizazi changu ndicho kilichoipenda, na tulikuwa na sababu zetu. Baba alisikiliza peke yake amefumba macho. Sisi tulitaka isikie sebule nzima, na jirani, na jirani wa jirani. Mteja akija dukani kwangu wala hamsikilizi mwimbaji. Anaweka kiganja juu ya boksi. Nikiwasha, mkono ukamtetemeka mpaka kiwiko, anatabasamu: "Hii sasa inaongea, dada."

Baba alikuja dukani siku moja akaona haya yote. Alisikiliza kidogo, mikono nyuma.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, kama baba wengi wanavyowaita binti zao, "hiki si chombo cha muziki. Hiki ni kinu. Unauza vinu vyenye taa."

"Lakini vinatoka, baba."

"Hata vinu vya kweli vinatoka."

Binti yangu naye hana habari na kinu wala chombo. Anasoma chuo na anaishi kwa babu na bibi yake, kwa kuwa ni karibu. Ana spika moja isiyo na waya, ukubwa wake kama kikombe cha uji, anayoingia nayo bafuni na kutoka nayo uani. Akiwa njiani anasikiliza kwa sikio moja, na hilo la pili anawaachia walimwengu.

Hapa inabidi nieleze habari ya utani, kwani bila huo mambo yaliyotokea yasingepata mwisho wake. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu wa kike mke wangu, naye humwita mume wangu. Bibi, ambaye ndiye mke halisi, humwita mjukuu mke mwenzangu na kulalamika kwamba anapendelewa. Ndani ya utani huo mjukuu anaweza kusema neno ambalo mtoto hathubutu. Mimi siwezi kumwambia baba yangu kwamba shati limempwaya. Binti yangu humwambia, "Mume wangu, leo umevaa hema?" na baba anacheka mpaka anakohoa.

Kwa hiyo habari za muziki walikuwa wakizimaliza hivyohivyo.

"Mume wangu, muziki wako una mikia mingi," binti yangu angesema, akiruka nyaya.

"Na wako unaimbia kwenye kikombe."

"Kikombe changu naingia nacho bafuni. Chako utakibeba?"

"Mimi bafuni nakwenda kuoga."

Mwezi wa Ramadhani chombo hupumzika. Baba hukichomoa, hufunika sindano, na hakigusi mpaka Idi pili. Mwaka huu katika mwezi huohuo mama alikuwa na shughuli yake. Kila Idi huivisha nyumba upya, na nikisema kuivisha namaanisha hivyo hasa. Makochi yana vitambaa, televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa, na spika za baba zina vitambaa tangu siku mama alipoingia nyumba ile. Huo ndio mkataba wao wa ndoa ninaoufahamu mimi. Mbao ni za baba, nguo ni za mama. Baba hufuta amplifaya mwenyewe, kwa brashi, na hakuna mwingine anayeigusa. Kitambaa nacho, hata kikianguka chini, baba atamwita mama aje akirudishe. Mwaka huu mama alishona seti nzima kwa mkono wake, ya mahameli rangi ya damu ya mzee, yenye mashada pembeni, na sote tulimsifu.

Idi pili, baada ya pilau, baba akakichomeka chombo. Akachagua santuri ya dansi anayoipenda kuliko zote, ile ambayo tarumbeta zinaanza kabla mtu hajaimba. Akashusha sindano, akakaa, akafumba macho.

Kisha akayafumbua.

"Tarumbeta zimekwenda wapi?"

"Si hizo baba, zinapuliza," nikamwambia, mdomo umejaa.

"Zinapuliza zikiwa ndani ya pipa."

Tukasikiliza. Mimi nikasikia muziki. Binti yangu akasikia muziki. Mama aliyekuwa jikoni akasema yeye anasikia vizuri tu, mbona kawaida. Baba akatutazama mmoja mmoja. Akabadilisha sindano. Akapangusa santuri, akahamisha nyaya za kushoto zikawa kulia. Mwishowe akainuka na kufanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona nyumbani kwetu. Alisogeza kiti. Akakipeleka mbele, akakirudisha nyuma, akakisukuma karibu na dirisha. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama kutazama.

"Baba," nikasema, "mbona hakuna kilichobadilika?"

Nilisema kumtuliza. Wateja nawatuliza hivyo.

Kesho yake nikaifunga amplifaya kwenye khanga, nikampa mtu wa mkokoteni, tukaenda nayo Kariakoo kwa fundi mmoja wa ghorofani ninayemwamini. Fundi akaifungua, akaipima, akaiunganisha na spika zake mwenyewe, akaipiga asubuhi nzima. "Dada," akasema, "hii ni nzima kuliko mimi." Nikairudisha nyumbani nimefurahi. Baba akaichomeka, akashusha sindano, akasikiliza nusu ya wimbo.

"Fundi kasema nini?"

"Kasema ni nzima."

"Basi," akasema. Akazima. Halafu akamwambia mama amwashie televisheni.

Mnahitaji kujua kwamba baba haangalii televisheni mchana. Aliiangalia siku ile, na siku iliyofuata, na mimi nikaanza kuunganisha mambo. Dereva wa kreni hufanya kazi katikati ya kelele ujana wake wote. Wenzake wa bandarini wakimpigia simu siku hizi wanapiga kelele hadi jirani anaitikia salamu. Mama akaninong'oneza kwamba anamwita baba chai na haitikii. Binti yangu akasema hata yeye amegundua, babu anajibu "eeh" kwa kila kitu. Alimuuliza kama anataka wali au ugali, akajibu eeh.

Niliutafuta mlango wa kuingilia mazungumzo hayo nikaukosa.

"Baba," nikaanza, "watu wa umri wako huwa wanakwenda kupima macho, na... vitu vingine."

"Macho yangu mazima."

Ikaishia hapo. Tukaangalia taarifa ya habari.

Wiki chache baadaye aliniita nikakae karibu. Hakunitazama, alitazama ukuta.

"Mama, wewe una wateja. Kitafutie chombo mtu."

"Mtu wa nini, baba?"

"Wa kukichukua. Mtu mwenye masikio."

Neno masikio ndilo sote tulikuwa tumelizunguka kama tunavyokizunguka kiti kile, na yeye alilisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja bei ya sukari. Nilielewa alichokuwa anakitoa. Mtu amekusanya chombo ujana mzima ili siku akistaafu akae katikati ya muziki, na amestaafu, na anaamini kwamba katika mwezi mmoja wa kufunga muziki umemhama. Nilitaka kumkatalia. Lakini ningemwambia nini? Ni sisi tuliomwambia hakuna kilichobadilika. Kama chombo hakijabadilika, basi aliyebadilika ni yeye.

Usiku nikampigia binti yangu. Nikamwomba autumie utani wake kumpeleka babu kupimwa masikio.

"Mama, nitajaribu. Lakini kwanza nikipige picha hicho chombo nikiweke mtandaoni. Vijana siku hizi wanavitafuta sana vitu vya zamani. Mume wangu akiona watu wanakigombania atapata wivu mwenyewe."

Sikuona ubaya. Jumapili nikaenda. Nilimkuta baba amekaa kwenye kiti chake, kimerudi mahali pake, na santuri ile ya tarumbeta inazunguka. Alikuwa anakiaga chombo, nadhani, ingawa hakusema hivyo. Alikuwa amefumba macho na mikono iko juu ya mapaja, kama mtu anayesubiri kunyolewa. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Binti yangu alikuwa amepiga magoti mbele ya spika ya kulia na simu yake.

"Hii picha haifai," alisema. "Nitauza nini hapa? Spika zimevaa kama zinakwenda harusini."

Akakamata kitambaa cha mahameli kwa mashada yake, akakitupia juu. Akahamia ya kushoto, akakitupia juu nacho.

Baba akafumbua macho.

"Nani ameingia?"

"Hakuna aliyeingia, mume wangu. Usitikisike, nisije nikakupiga picha ukanunuliwa na wewe."

Akapiga picha, akakishusha kitambaa cha kushoto ili apige ya pili, nadhani aonyeshe spika zikiwa zimevaa na zikiwa wazi.

"Amekwenda wapi?" baba akasema, safari hii kwa sauti.

"Nani?"

"Inua hicho."

"Hiki?"

"Inua. Eeh. Shusha. Inua tena! Acha hapohapo, mke wangu, usipumue!"

Na mimi, ambaye kutwa nzima nasimama katikati ya spika, mimi ambaye huwaambia wateja wasiifiche sabufa nyuma ya pazia, ndiyo kwanza nikasikia. Kitambaa kilipokuwa juu, kulikuwa na watu sebuleni. Mmoja alikuwa anavuta pumzi kabla ya kupuliza. Kilipokuwa chini, watu walewale walikuwa kwa jirani. Spika zile zina twita, ile spika ndogo ya juu inayotoa sauti nyembamba, na sauti nyembamba haipiti kwenye nguo nene. Besi inapita. Ndiyo maana mimi wa besi sikuona tofauti yoyote, wala binti yangu wa kikombe. Aliyekuwa na masikio ya kusikia hasara ile nyumbani kwetu alikuwa ni mmoja tu, na sisi ndio tuliokuwa tunajiandaa kumpeleka hospitali.

Nilikwenda nikapapasa kitambaa. Chini ya mahameli mama alikuwa ameshonea sponji, ili kikae vizuri kisijikunje. Vile vya zamani alivifuma kwa uzi, vimejaa matundu, na tarumbeta zilikuwa zikijipitia zenyewe bila kuomba ruhusa.

Baba alicheka kimyakimya, mabega yanatikisika. Halafu ghafla akaacha kucheka. Sote tukaacha, kwa sababu jikoni mbuzi ya nazi ilikuwa imenyamaza.

Sasa hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mama alikuwa ameshona seti ile mwezi mzima, amefunga, macho yanamuuma. Nani atamwambia? Mimi nikamtazama baba. Baba akamtazama mke wake mdogo.

Mama akatokea mlangoni. "Kuna nini? Mbona vitambaa vyangu viko kichwani?"

"Mama watoto," baba akaanza, "vitambaa hivi ni vizuri sana."

"Ahsante."

"Vizuri mno. Vizuri mpaka..."

"Mke mwenzangu," binti yangu akadakia, "mume wetu hana ugonjwa. Umemvalisha muziki wake blanketi."

"Blanketi! Spika hizo zina vitambaa tangu niolewe. Leo ndiyo vimekuwa blanketi?"

Nikamweleza, polepole, nikimshikisha sponji, nikakishusha na kukiinua kitambaa huku santuri inapiga. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama anayepima chumvi. Akanitazama, akamtazama baba.

"Kwa hiyo wewe si kiziwi."

"Nani kasema mimi kiziwi?"

"Nakuita chai huitikii!"

"Chai nilikuwa naisikia."

"Sasa mbona ulikuwa kimya?"

"Nilikuwa na mawazo."

"Mawazo hayo unayo tangu nikujue."

"Pole, mke mwenzangu," alisema binti yangu. "Hiyo sasa haina dawa."

Mama alicheka kwanza, na hapo ndipo sisi wengine tukapumua. Lakini msidhani alikubali kushindwa. Spika haziwezi kukaa uchi, alisema, wageni watasema nini, na vumbi la Ilala mnalijua. Baba akapendekeza awe anavitoa yeye kila akitaka kusikiliza. Mama akakataa katakata. Mikono yake ina mafuta ya mashine. Kama ni kuvuliwa vitavuliwa na aliyevishona, kisha spika atazivisha mwenyewe, na chombo kikitaka kuimba kimwambie mapema.

Tangazo la mtandaoni binti yangu alikuwa ameshalipandisha kwa picha ya kwanza. Kabla hatujala watu walikuwa wanauliza bei. Akawajibu wote neno moja, kimeolewa. Kisha akamwambia babu kwamba masikio watakwenda kupima vilevile, kwa heshima ya kreni. Babu akajibu eeh, na hatujui mpaka leo kama alisikia.

Siku hizi mteja mtu mzima akija dukani kulalamika kwamba muziki wake umefifia, simpi fundi kwanza. Namuuliza nyumbani kwake usafi wa Idi ulifanyika lini, na kama ni wa Krismasi, hali kadhalika. Wengi wanacheka. Mmoja alirudi kunishukuru, akanunua kinu.

Jumapili iliyofuata ile ya picha nilikuwepo. Baba alitangaza mapema, kama walivyokubaliana. Mama akatoka jikoni, akanawa, akaikausha mikono, akavua kitambaa cha kulia akakikunja, akavua cha kushoto akakikunja. Akabaki amesimama katikati ya sebule amevikumbatia, anatafuta pa kuviweka, na tarumbeta zikaanza. Baba akainuka kutoka kwenye kiti.

"Kaa," alisema.

"Mimi? Nina wali jikoni."

"Kaa, mama watoto. Wali utangoja."

Mama hajawahi kukalia kiti kile. Maisha yake yote muziki wa baba ameusikilizia jikoni, ukutani, pamoja na sauti ya maji na mwiko. Alikaa ukingoni, vitambaa mapajani, macho wazi kabisa kwa sababu hawaamini waimbaji. Mwimbaji akaanza. Mama akakunja uso. Akageuza kichwa kidogo kushoto, zilipo tarumbeta. Akakirudisha katikati. Ubeti wa kwanza ukaisha, na baba alikuwa bado amesimama ukutani akimtazama kama anayesubiri majibu ya mtihani.

Mwishowe mama alinyanyua kidole, akaelekeza kwenye mlango wa chumbani.

"Na huyo wa gitaa aliyesimama pale mlangoni," alisema, "mwambie asogee. Nataka kwenda kuweka vitambaa vyangu."